Mifuko ya kuchuja vumbi: moto unaogopwa, maji ndiyo yanayoua

“Shikamoo mzee. Nataka mifuko 80 ya chujio, urefu mita 3. Nipe bei ya mwisho.”

“Marahaba. Unachuja nini?”

“Vumbi.”

Nilicheka, naye akacheka, lakini nilikuwa simtanii. Kijana huyu anasimamia kiwanda cha kusaga sembe upande wa Igawilo, hapa Mbeya. Kabla yake mwenye mashine za kuranda mbao Mafinga alinijibu hivyohivyo, na kabla ya huyo fundi wa kiwanda cha chai. Wote walikuwa na idadi, urefu na haraka. Hakuna aliyekuwa na habari ya vumbi lenyewe, na vumbi ndilo linalochagua mfuko.

Nianze na kitu ambacho kila mtu wa huku amekiona. Mashine ya kusaga ya mtaani ina saikloni, lile pipa la bati lenye umbo la faneli, na juu yake umefungwa mfuko mrefu wa amerikani. Mashine ikiwashwa mfuko unatuna, ikizimwa unanywea, na msagaji anaukung’uta kwa mkono unga unaanguka. Hilo ni chujio kamili. Mitambo ya kiwanda cha saruji pale Songwe inafanya kazi ileile kwa ukubwa wa kutisha: hewa inapita kwenye kitambaa, vumbi linabaki.

Kinachobadilika ni namna ya kukung’uta. Viwanda vingi sasa vinatumia mshindo wa hewa. Ndani ya nyumba ya chuma kuna bati nene lenye matundu, na kila tundu linaning’iniza keji ya waya iliyovishwa mfuko. Hewa chafu iko nje ya mfuko, inaingia ndani ikiwa safi na kutokea juu. Kila baada ya muda valvu inafyatua hewa ya kompresa, bar 5 au 6, kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mfuko unashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, vumbi la nje linabanduka na kuanguka kwenye hopa, lile faneli la chini linalokusanya vumbi.

Hapo kuna jambo linalowachanganya wengi: mfuko mpya hauchuji vizuri. Tundu za kitambaa ni kubwa kuliko chembe nyingi za vumbi. Kinachochuja hasa ni utando wa vumbi unaojijenga juu ya kitambaa, nao kitambaa kazi yake kubwa ni kuubeba. Ukilielewa hilo utajua kwa nini siku ya kwanza unaona unga ukitoka kwenye bomba la hewa safi, na kwa nini si sahihi kuongeza nguvu ya kukung’uta ili mfuko “uwe mweupe”. Mfuko mweupe kila saa ni mfuko usio na utando. Siku ya kwanza bana mlango wa feni hadi nusu, acha utando ujengeke polepole juu ya kitambaa, ndipo ufungue. Ukifungua feni yote siku hiyohiyo, chembe laini zinapigwa ndani kabisa ya kitambaa na hazitatoka tena hadi unakitupa.

Joto la kwenye karatasi na joto la kweli

Wauzaji wanapenda kuuza kwa jedwali la joto, na jedwali lenyewe si la uongo. Polipropilini inavumilia hadi kama nyuzijoto 90. Akriliki 125. Polista 135. Kisha kuna nyuzi za bandia za bei kubwa: PPS 190, aramidi 200, P84 kama 240. Faibaglasi na PTFE, ambayo wengi tunaiita tefloni, zinafika 260. Bei nazo zinapanda kufuata joto, kwa hiyo mtu anapima hewa yake, anakuta nyuzijoto 110, anatazama jedwali, polista 135, bei nafuu, biashara imekwisha.

Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, kilichokuwa na kikaushio kinachotoa hewa ya joto yenye mvuke mwingi. Tulifunga polista kwa hesabu hiyohiyo, tena tukajisifu kwamba tumebakiza nyuzijoto 25 za usalama. Baada ya wiki chache vumbi likaanza kutoka nje. Nilipanda juu, nikachomoa mfuko mmoja. Haukuwa na alama ya kuungua wala tundu la cheche. Nikaubana kwa vidole viwili nikavuta, ukachanika bila ubishi, kama gazeti lililonyeshewa. Mingine yote ikawa hivyohivyo.

Kilichotokea ni hiki. Uzi wa polista kiwandani unaundwa kwa kuunganisha kemikali mbili, na katika muungano huo maji yanatolewa. Ukiurudishia maji pamoja na joto, muungano unaanza kufumuka. Maji baridi hayaudhuru, ndiyo maana shati la polista tunalifua miaka. Joto kavu la 130 nalo inalivumilia. Vikikutana viwili, mvuke na joto linalokaribia 100 au zaidi, nguvu ya uzi inaondoka kimyakimya. Aramidi, pamoja na bei yake, ina udhaifu wa namna hiyo. Akriliki, ambayo kwenye jedwali iko chini ya polista, ndiyo ingetufaa: mvuke hauisumbui. Tuliifunga baadaye, kwa gharama ya mara mbili kwa sababu ya kwanza tulishaitupa.

Kwa hiyo jedwali lisome kwa maswali matatu pamoja: joto ni kiasi gani, hewa ina unyevu kiasi gani, na moshi wake una asidi au alkali gani. PPS kwa mfano haijali maji wala asidi, lakini oksijeni nyingi kwenye joto kali inaichakaza. Faibaglasi inastahimili joto lakini inachukia kukunjwakunjwa, hivyo keji yake inatakiwa iwe na waya nyingi, isimame wima, na mshindo uwe wa upole. Hakuna uzi usio na adui.

Asubuhi ya Juni

Sasa nije kwenye jambo ambalo katalogi nyingi zinalipita haraka, maana zimeandikwa kwa ajili ya kila mahali.

Mahindi ya sembe yanaloweshwa kidogo kabla ya kukobolewa ili pumba itoke vizuri. Kinu kinayapasha moto. Hewa inayovutwa kwenda kwenye chujio inakuwa vuguvugu na yenye unyevu. Chukua hewa ya nyuzijoto 40 iliyobeba nusu ya unyevu inaoweza kubeba. Hewa hiyo ikigusa kitu chenye baridi ya chini ya nyuzijoto 27 hivi, inaanza kutoa maji, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyojaa matone. Mbeya mwezi Juni na Julai, alfajiri inashuka chini ya nyuzijoto 10. Makete na Njombe kuna barafu kwenye majani. Na chujio la kiwanda limesimama wapi? Nje, upande wa nyuma, bati tupu, linapigwa na upepo usiku kucha.

Saa moja asubuhi unawasha. Hewa vuguvugu inakutana na kuta za bati baridi na keji za chuma baridi. Unga unapata maji. Kwanza unakuwa uji kwenye kitambaa, mchana joto linapopanda unakauka, unakuwa ukoko wa ugali. Jioni umezima mtambo ukiwa umejaa hewa yenye mvuke, usiku unapoa, maji yanatoka tena. Wiki mbili za namna hiyo na mfuko umekuwa mgumu kiasi kwamba ukiuchomoa unasimama wenyewe bila keji. Nimeusimamisha mmoja ofisini kwa mtu, tukautazama bila kusemezana.

Mwenye kiwanda akiona hivyo anasema mifuko ilikuwa feki. Inawezekana, feki zipo. Lakini ningenunua bati na sufi ya kuhifadhi joto kabla ya kununua mifuko mingine. Ezeka chujio. Livishe koti la kuzuia baridi. Jioni ukiisha kusaga, acha feni na mishindo ifanye kazi dakika 10 au 15 bila mahindi, ili hewa yenye mvuke itoke kabla bati halijapoa. Fungua koki ya tangi la kompresa kila asubuhi, maana hewa ya mshindo ikibeba maji na oili unakuwa unaupulizia mfuko uji kutoka ndani. Baada ya hayo ndipo kitambaa chenye dawa ya kukataa maji na mafuta kinakuwa na maana. Dawa hiyo inasaidia matone yateleze, lakini haiwezi kushindana na bati linalotoa jasho kila alfajiri.

Mashine za mbao zinazofanya kazi kavu, na vyumba vya kuchambulia chai iliyokaushwa, havina shida hii kwa kiasi hicho. Vumbi lake ni kavu na lina manyoya, polista ya kawaida iliyounguzwa manyoya upande wa nje (yaani uso wake umechomwa juujuu kiwandani ili uwe laini) inatosha.

Hesabu ya kasi

Chukua mfuko wenye kipenyo cha milimita 160 na urefu wa mita 3. Zidisha 3.14 kwa 0.16 kwa 3, unapata mita ya mraba 1.5 ya kitambaa. Mifuko 80 ni mita za mraba 120. Feni ikivuta mita za ujazo 10,000 kwa saa, ni kama 167 kwa dakika. Gawanya 167 kwa 120, unapata 1.4. Hiyo ndiyo kasi ya hewa kupenya kitambaa, mita 1.4 kwa dakika. Kwa machujio ya mshindo, vumbi la kawaida linawekwa kati ya mita 1 na 2; vumbi likiwa laini sana au la kunata, unashuka.

Hesabu hii ya dakika moja inaokoa fedha nyingi kuliko ubishi wowote kuhusu aina ya uzi. Maana kinachotokea viwandani ni hiki: mfuko unatoboka, hakuna wa akiba, fundi anaziba tundu kwa gunia na kipande cha mbao. Wiki ijayo mwingine. Ukiziba 20, iliyobaki ni 60, kitambaa ni mita za mraba 90, kasi imepanda hadi kama 1.85. Mifuko iliyobaki inafanya kazi ya wenzake, inachakaa haraka, unaziba mingine. Mtu ananiletea mfuko uliotoboka anauliza uzi imara zaidi, kumbe kinachomuua ni kasi.

Na kwenye kasi hiyo kuna kodi ya milimani. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mafinga juu zaidi. Kwa joto lilelile, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 18. Feni ileile, kwa mzunguko uleule, itasukuma ujazo uleule lakini nguvu yake ya kuvuta inapungua kwa kiasi hichohicho: iliyoandikwa milimita 250 za maji (kipimo cha mvuto, nitakionyesha hapa chini) inabaki na kama 205. Kwenye mabomba na saikloni si tatizo, kwa sababu hapo ukinzani nao unapungua hewa ikiwa nyepesi. Kitambaa hakikupi punguzo hilo. Hewa inapenya kitambaa kwa mwendo wa kujipenyeza polepole, na ukinzani wake unafuata mnato wa hewa, yaani jinsi inavyogoma kutiririka, ambao haubadiliki kwa mwinuko. Kwa hiyo huku kwetu mfuko ulioanza kuziba unaila feni mapema kuliko Pwani. Mtambo ulionakiliwa kutoka Dar mfuko kwa mfuko utakuwa mchovu hapa, na mfungaji atalaumu umeme.

Utajuaje ukinzani umefika wapi kama huna geji? Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule fundi ujenzi anaotumia kupimia levo. Ukunje herufi U ukutani, tia maji yenye rangi kidogo, mdomo mmoja uunganishe upande wa hewa chafu, mwingine upande wa hewa safi. Pima tofauti ya kimo cha maji kwa rula. Milimita 100 hadi 150 ni afya nzuri. Ikikaa 200 na zaidi hata baada ya mishindo, mifuko imeziba. Ikishuka ghafla, nenda kautafute mfuko uliopasuka. Kipimo hiki ni cha bei ya soda mbili, na nimeona mitambo ya mamilioni isiyokuwa nacho.

Cheche

Unga, vumbi la mbao, pumba za kahawa, sukari, makaa ya mawe: vyote hivi vikielea hewani kwa wingi ndani ya chumba kilichofungwa vinaweza kulipuka kama gesi. Februari 2008 vumbi la sukari lililipua kiwanda cha Imperial Sugar huko Georgia, Marekani, wakafa watu 14. Ndani ya chujio vumbi na hewa vimekaa pamoja kutwa, kinachokosekana ni cheche tu, na vumbi kavu likisugua kitambaa cha plastiki linajenga umeme tuli, ule unaokushtua ukivua sweta.

Kwa vumbi hizo agiza kitambaa kilichochanganywa uzi wa chuma au wa kaboni ili umeme upate njia. Lakini njia lazima ifike mahali. Kama keji imepakwa rangi, bati lenye matundu limekaa juu ya mpira, na nyumba yote haina waya wa ardhi, umenunua kitambaa ghali kinachopeleka umeme hadi kwenye keji na kuishia hapo. Pima kwa mita kutoka kwenye kitambaa hadi ardhini kabla hujamlipa mfungaji.

Viwanda vya chai Mufindi na vingine vinavyochoma kuni kwenye boila vina cheche za aina nyingine, kipande cha mkaa chenye moto kinachoruka na moshi. Hakuna mfuko wa bei ya kawaida unaokizuia. Tanguliza saikloni au mtego wa cheche. Moshi wa kuni mbichi nao una lami, na lami ikishaingia kitambaani hakuna mshindo utakaoitoa. Kausha kuni kwanza.

Kama unachuja kimiminika

Wa mafuta ya alizeti na parachichi wananipigia pia, kwa hiyo kwa kifupi. Mfuko wa kimiminika unafanya kazi kinyume: uchafu unabaki ndani, na nje kuna kikapu cha chuma kinachouzuia usipasuke. Usiufunge bila kikapu hata kwa “kujaribu tu”. Ukubwa unaopatikana kwa urahisi ni namba 2, kipenyo milimita 180 na urefu kama 810. Namba ya maikroni (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) iliyoandikwa kwenye mifuko ya kawaida ni ya makadirio: mfuko wa maikroni 10 utapitisha baadhi ya chembe za 10 na hata zaidi. Ukihitaji uhakika, sema unataka kipimo kamili, ulipe zaidi. Kanuni niliyoizoea ni kuchuja kwa hatua, 100 kisha 25 kisha 5, maana ukianza na 5 utabadilisha mifuko kutwa. Tofauti ya presha ikikaribia bar 1, badilisha.

Kuupima wa zamani

Turudi kwa kijana wa Igawilo. Nilimwambia asinitajie tena mita 3 mpaka achomoe mfuko mmoja, aulaze mezani, aukunjue vizuri na kupima upana wake ukiwa bapa. Upana huo mara 2, gawanya kwa 3.14, ndicho kipenyo. Kisha apime keji, na tundu la kwenye bati kwa kaliba, si kwa futi ya kushonea, kwa sababu pete ya mdomo wa mfuko ikipwaya kwa milimita moja vumbi linapita hapo na kitambaa chote kinakuwa pambo. Mfuko ukivishwa kwenye keji uweze kufinya mkunjo mdogo kwa vidole. Ukibana sana hautashtuka kwenye mshindo, ukipwaya unapigwapigwa na waya mpaka utoboke kwenye mistari. Na nilimwomba auangalie wa zamani ulipotobokea. Karibu na kitako, mara nyingi mifuko inagongana au hewa chafu inaingia kwa kasi chini. Kwenye mistari ya waya, keji imeshika kutu au haifai. Ukichanika popote kwa vidole, unajua.

Alipiga siku ya tatu. Upana bapa sentimita 25, kwa hiyo kipenyo 160. Feni 10,000. Mifuko 14 imezibwa kwa magunia. Kwenye tangi la kompresa alitoa maji nusu ndoo. Ule wa zamani aliouchomoa haujatoboka mahali, umekuwa mgumu kama ngozi ya ngoma, na chujio liko nje, nyuma ya stoo.

Nikamwandikia: polista ya felti (nyuzi zilizoshindiliwa pamoja badala ya kufumwa), gramu 500 kwa mita ya mraba, imeunguzwa manyoya, ina dawa ya kukataa maji na mafuta, ina uzi wa kupitisha umeme, inaruhusiwa kugusa chakula. Joto lake halifiki 50, hivyo polista haina hofu hapo.

“Kwa hiyo mzee ni mifuko 80 ileile niliyokuomba?”

“80 ileile. Ongeza 8 ya akiba. Lakini sikutumii mpaka unipigie picha ya paa.”

Picha imekuja jana jioni. Nguzo nne za mlingoti, bati mpya, na mtu juu ya ngazi bado anapigilia misumari.